Amri ya Krismasi

Walimketisha Mwanamkisi kwenye kiti cha Bwana Mkubwa mwenyewe, naye akakaa ukingoni kama aliyekalia kitu cha wizi. Kila kitambaa mezani pale alikifua na kukipiga pasi yeye, hata aproni aliyojifunga Memsabu kiunoni siku hiyo. Upande wa pili alikaa Gharib mpishi, akimtazama kuku aliyempika mwenyewe akiletwa na mwenye nyumba.

Ndiyo desturi ya Wazungu wale kila Krismasi. Siku moja katika mwaka, wao huwa watumishi, na watumishi huwa mabwana. Bwana Mkubwa alisimama akasoma katika Kitabu chake habari za kumlisha mwenye njaa, sauti ikimtetemeka, maana alikuwa mtu wa dini kweli, si wa kujionyesha. Binti zake wakapita na bakuli, wakawanawisha mikono.

"Leo mimi mtumishi wako," Memsabu alimwambia Mwanamkisi. "Niamuru. Chochote."

Miaka iliyopita Mwanamkisi aliamuru chumvi. Mwaka huu alikuja na amri nyingine. Mumewe, Madi, alifungwa ngomeni. Kazi yake ilikuwa kuvusha maji kwa mashua hadi kisiwa cha Manda, kwenye kambi ya watu wa bara ambao serikali iliwaita magaidi. Akamwona mmoja wao akiokota makombo mchangani, akampa mkate wake wa mofa. Basi, kosa lake ni hilo, mkate. Na aliyemhukumu ni Bwana Mkubwa huyu huyu.

Huko ndani kifua kikamshika Madi. Kila alipopita chini ya ukuta wa ngome, Mwanamkisi alisikia kikohozi chake, akakitambua kati ya vikohozi vya wote. Tangu jana hakukisikia. Alijiambia Madi amepata nafuu. Hata sasa, kati ya mlio wa vijiko, alikuwa akikitafuta.

"Memsabu," alisema, "nakuamuru umtoe mume wangu."

Memsabu alimtazama mumewe. Uso wa Memsabu uligeuka ukawa mweupe kama unga.

"Hiyo si kazi ya nyumba, Mwanamkisi," Bwana Mkubwa alisema kwa upole. "Hiyo ni kazi ya serikali, na leo serikali imefunga. Kesho tutazungumza."

"Memsabu amesema chochote."

"Kesho. Leo ule, ufurahi."

Gharib alimkanyaga mguu chini ya meza. "Kula, Bi Mwanamkisi," alinong'ona. "Usiwatie haya, na yeo ni siku yao."

Akala. Aliogopa kwamba amelikoroga, kwamba angenyamaza pengine kesho wangemtoa. Memsabu akamwongezea paja, akamwongezea wali, akamletea keki yenye zabibu, na machozi yakimtiririka. Mwanamkisi akamwonea huruma. Kumbe ana moyo, alifikiri.

Ndipo viatu vikasikika ngazini. Jeilani, askari wa gereza, alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho kwa Bwana Mkubwa peke yake.

"Samahani, Bwana. Tumeambiwa tungoje sikukuu ipite, lakini maiti ya Madi iko pale tangu jana asubuhi. Na joto hili, Bwana, imeanza kunuka. Wafungwa wanakataa kula. Wanasema Mwislamu halazwi namna hii."

"Toka," Bwana Mkubwa alisema.

Jeilani akaona nani amekaa kwenye kiti kile. "Bi Mwanamkisi," akasema, "weye hukwambiwa?"

Gharib aliusukuma mbali na sahani mkono wa Mwanamkisi uliokuwa na kijiko.

"Hatukutaka kukuharibia siku," Memsabu alisema. "Tulitaka kwanza ule."

Mwanamkisi alitazama mifupa kwenye sahani. Hakulia. Aliwaza kama kuna aliyemfumba Madi macho, kama kuna aliyemnyoosha mikono kabla hajakakamaa. Alitaka kuamuru sanda, kafuri, mtu wa kukimbia msikitini, maji ya kumwosha mumewe. Ulimi ulikuwa mzito. Neno moja tu lilitoka.

"Mai," alisema.

Hilo la Kiamu Memsabu alilijua. Alifarijika kupata amri anayoiweza. Akajifuta macho kwa aproni, akachukua jagi la maji, akammiminia glasi hadi juu, akaiweka mbele yake taratibu isimwagike.

"Kunywa," alisema.