Mkono Mrefu wa Mashine ya Kahawa

Kunigunda alikuwa hajanawa damu ya mwanawe wakati Urbani alipoingia uani na toroli, kuja kuchukua mashine ya kumenyea kahawa.

Mashine ilikuwa moja tu kwa ukoo mzima, ikihama nyumba hadi nyumba msimu wote wa kuchuma. Mchana ilikuwa kwa Kunigunda, jioni zamu ya Urbani, mdogo wa mumewe. Na kule milimani Mbinga kila mtu anajua kahawa iliyochumwa leo haingoji kesho. Isipomenywa inachacha, basi kazi yote imekwenda na maji.

"Pole, shemeji," alisema Urbani. "Nimekutana nao njiani wakienda hospitali, kaka amempakata Beata kwenye bodaboda. Kidole tu kile, kitapona."

"Viwili. Vya mkono wa kuandikia."

Urbani akasogelea mashine. "Watoto wa siku hizi hawasikii. Aliambiwa asitie mkono ndani."

"Aliambiwa na nani? Kijiti cha kusukumia kahawa kilikuwa kinaning'inia hapa kwa kamba tangu wakati wa baba mkwe. Nani alikikata?"

Urbani alikuna shingo. Alikikata mwenyewe, kwa sababu kilikuwa kinagongana na bomba lake.

Hilo bomba ndilo lililokuwa fahari yake. Alilichomeka kwenye mkono wa mashine, akalikaza kwa bolti, mkono ukawa mrefu mara mbili. Mashine iliyokuwa ikiwatoa watu jasho ikawa nyepesi kama kukoroga uji. Ukoo ulimsifu. Kunigunda naye alimsifu. Na leo yeye ndiye aliyekuwa anazungusha, Beata akimimina kahawa juu. Kahawa ikakwama, mtoto akaisukuma kwa vidole, ngoma yenye meno inayozunguka ndani ya mashine ikavivuta. Mama akaendelea kuzungusha. Mkononi hakuhisi kitu, hata kidogo. Alijua kwa masikio, mtoto alipopiga yowe.

"Nisaidie kupakia, shemeji. Jua linazama."

"Haitoki hapa." Kunigunda alisimama mbele ya toroli. "Kwako nani anamimina?"

"Glorious. Nani mwingine?"

"Haya. Shika mkono, zungusha."

"Sasa haya mambo ya..."

"Zungusha, baba Glorious."

Urbani alizungusha, akinung'unika. Kunigunda aliokota gunzi la mahindi, akalisukumia ndani kwa ncha ya mwiko. Mkono wa mashine haukusita. Gunzi lilisagika, likatokea upande wa pili vipande vipande.

"Umehisi nini?"

"Kama kahawa tu."

Kunigunda alichukua spana kwenye toroli, akafungua bolti, akalichomoa bomba. Akatia gunzi jingine. "Haya, zungusha tena."

Safari hii mkono mfupi uligoma papo hapo, kiwiko cha Urbani kikarudi nyuma. Gunzi lilikuwa limebanwa ncha tu, zima kabisa.

"Darasa la tano tulifundishwa nyenzo, wewe ukiwa dawati la nyuma unafuga panzi," alisema Kunigunda. Sauti yake ilikuwa chini, na Urbani angeona nafuu kama angepiga kelele. "Mkono ukiwa mrefu, jitihada inapungua. Mzigo haupungui. Uko palepale, ila wewe huuhisi tena. Mkono mfupi unakuchosha, lakini unakuambia kuna kitu kimekwama. Huu wako ulininyamazia. Nimemsaga mwanangu nikiwa naimba."

Urbani alilitazama gunzi. "Ila bomba lilikuwa linaharakisha kazi, shemeji," alisema, kama mtu anayejitetea kwa nafsi yake.

"Linaharakisha nini? Duara lilikuwa kubwa zaidi, mzunguko ni uleule mmoja. Ulitupunguzia jasho, basi."

Urbani aliinua mashine peke yake, akaiweka kwenye toroli. Mkono mfupi ulichomoza ubavuni kama zamani. Akainama kuokota bomba.

"Hilo liache."

"Ni bomba langu, shemeji."

"Liache. Na kabla Glorious hajamimina hata debe moja, nenda kachonge kijiti. Nakuja kwako sasa hivi kutazama kama kipo."

Urbani alisukuma toroli kuelekea kwake bila kugeuka. Kunigunda alilichukua bomba, akazunguka nyuma ya nyumba, akalitumbukiza chooni, akasimama hapo mpaka aliposikia limefika chini. Kisha akanawa mikono, akajifunga khanga, akalifuata toroli.