Matope ya Uingereza

Siku mabakuli meupe yalipofika Murongo, Abdulghani alimpiga mkewe marufuku kwenda kwenye shimo la udongo wa vyungu. Hakuzungukazunguka. Alisimama katikati ya duka, kreti bado zimefungwa kamba, akasema, "Mwanahalima, ukirudi tena na udongo kichwani, usiingie nyumba hii. Pitiliza nao mpaka kwa ndugu zako."

Mwanahalima akaanza kuzifungua zile kamba kwa nguvu. Si kwamba alikosa la kusema. Huyo hakuwahi kulikosa tangu azaliwe. Ni hasira tu. Shimo lile la bondeni lilichimbwa na bibi yake, likachimbwa na mama yake, na kila mvua ikinyesha maji ya kinamasi hulivamia. Lisipochotwa maji msimu mmoja tu, limekwisha. Na wanawake wa vilima vyote vile watapikia nini ndizi zao? Viganjani?

Lakini Abdulghani naye alikuwa na lake. Wazee wake walitoka Bagamoyo, wakapanda na misafara ya vitambaa mpaka Karagwe, jambo ambalo aliwasimulia watu hata wasiomuuliza. Sasa alitaka kuwa muuzaji wa vyombo vya Ulaya. Mabakuli yale yalivuka bahari, yakapanda gari la moshi hadi Kisumu, yakaingia meli hadi Bukoba, kisha wapagazi wakayabeba vichwani siku saba. Ijumaa ikifika, Othman, tajiri wa Bukoba aliyeyaleta, angekuja kuona kama duka hili linafaa kupewa mengine. Amkute mke wa mwenye duka ana matope hadi magotini? Thubutu!

Kwa siku nne Mwanahalima aliyapangusa mabakuli vumbi, roho inamuuma. Siku ya tatu alilipindua moja. Chini, kwenye ule weupe unaong'aa, aliona vidoa vitatu vidogo vyenye kukwaruza. Akavipitishia kidole, akaelewa papo hapo. Chombo hiki kilisimamishwa motoni juu ya ncha tatu, kisije kikagandana na mwenzake. Kuna mtu alikaa akafikiri, akakipanga hivyo. Tangu hapo hakuweza tena kuyachukia mabakuli. Aliyemchukia ni huyo mwenye kuyauza.

Ijumaa, baada ya sala, Othman akafika. Akakalishwa barazani, akapewa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi ya huku. Mwanahalima alikaa nyuma ya pazia, akisikiliza mumewe akitia chumvi.

"Hili si udongo, Bwana Othman. Wateja nawaambia ni jiwe. Jiwe tupu, halijaguswa na mkono wa mtu! Wewe tazama." Akamimina maziwa bakulini, akalishika aliweke juu ya jiko la makaa lililokuwa linawaka.

"Usilitie motoni," Mwanahalima akasema kutoka ndani. "Hicho ni chombo cha kulia, si cha kupikia."

"Mtu wa matope kanena," Abdulghani akacheka, akaliweka.

Halikumaliza hata dakika mbili. Likalia pa! Maziwa yakamwagika makaani, majivu yakaruka hadi kwenye kanzu ya mgeni.

Mwanahalima akalifunua pazia, akatoka. Mumewe alimkata jicho, hakujali. Akaokota kipande kimoja kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, shemeji. Hebu tazama hapa palipovunjika. Huu ni udongo. Umesagwa laini kuliko wangu, na aliyeusaga namvulia kofia. Huko kwao nani anachimba?"

Othman alikuwa akijipangusa majivu, lakini hakuwa mtu wa kununa. "Nilisimuliwa na Mhindi mmoja wa Mombasa aliyefika huko," akasema. "Ni jimbo zima la Uingereza, shemeji. Wanachimba udongo, wanachimba makaa ya kuuchomea, wanapasua mawe vilimani. Miji yao ni matanuri matupu. Saa sita mchana jua hulioni kwa moshi. Na wengi wanaotengeneza na kupaka rangi ni wanawake. Jioni wanarudi nyumbani vumbi la udongo limewajaa hadi kwenye kope."

"Wake za watu?"

"Wake za watu hasa."

Mwanahalima akamgeukia mumewe.

"Umesikia? Mwanamke wa Uingereza akishika matope yake, wewe unayavusha bahari, unawachosha wapagazi, unayapanga dukani na kuyaita fahari. Mimi nikishika yangu, ya chini ya kilima hiki hiki, unayaita aibu. Nakwenda shimoni."

"Mwanahalima! Nilikwambia nini?"

"Uliloniambia nalikumbuka lote."

Akavitia vigae vya bakuli kikapuni, akachukua jembe, akateremka bondeni mchana kweupe akiwa na kanga yake ya Idi. Maji yalikuwa yameshafika kiunoni mwa shimo. Aliyachota mpaka mikono ikafa ganzi, kisha akachimba.

Alasiri akapanda na bonge la udongo kichwani, matope yakimchuruzika hadi kifundoni. Abdulghani alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, mkono kwenye fremu. Othman hajaondoka, na wateja walikuwa wamejaa barazani, maana habari za namna hii hazihitaji mpiga mbiu. Uani kulikuwa na mlango wa nyuma. Mwanahalima hakuutazama.

"Nipishe, mume wangu. Mzigo mzito."

Abdulghani hakusogea. Mwanahalima naye hakuutua mzigo. Shingo ilimwaka moto, na bado alimtazama usoni bila kupepesa. Wakakaa hivyo mpaka mteja mmoja akakohoa. Ndipo ule mkono ukashuka kutoka kwenye fremu.

Akaingia. Akautua udongo katikati ya duka, baina ya kreti, akaketi chini, akaanza kuvisaga vigae vya bakuli kwa jiwe, kama wafinyanzi wanavyosaga vigae vikuukuu na kuvichanganya na udongo mbichi ili chungu kisipasuke kwenye moto. Unga mweupe ukaumwagikia ule udongo mweusi. Watu walichungulia, hakuna aliyethubutu kucheka.

"Lete maji," akamwambia mumewe.

Abdulghani aliwatazama wageni, mmoja mmoja. Kisha akakunja mikono ya kanzu, akaenda kuyaleta.