Bakshishi ya Chini ya Mto

Kijitabu cha watalii kilishauri kuwa bakshishi ya mtandika vitanda iachwe chini ya mto, kimya kimya. Mgeni mmoja, mzee wa Kijerumani, msomaji hodari, akaacha shilingi mia tano. Kijitabu hakikujua sheria ya hoteli yetu ya Galu: pesa za chumbani zisizo na kikaratasi cha mgeni ni mali iliyopotea, na ukikutwa nazo getini huna kazi.

Dama, mtandika vitanda wa chumba hicho, alizitazama. Ilikuwa sare ya shule ya mwanawe hiyo, na Januari imeshafika. Akashuka mbio hadi mapokezi kwa Kitheka, karani anayezijua lugha za wageni, mgeni akiwa anangoja gari la uwanja wa ndege.

"Kaka Kitheka, hebu nisemee. Aniandikie kikaratasi tu, kwamba amenipa."

Mgeni alipoziona pesa zimenyooshwa hakungoja tafsiri. Alizipokea, akamwinamia Dama, machozi yakamlengalenga. Kisha akaomba kalamu, akaandika ukurasa mzima, akapanda gari.

Kitheka akausoma. "Anasema hajapata kuona uaminifu kama huu. Na amegundua kuwa huku kwetu bakshishi ni matusi."

"Na pesa?"

"Dada, ulitaka karatasi. Karatasi si hii?"

Meneja alifurahi mno. Aliitia barua fremu, akaitundika pale mapokezi, na wageni wote wakaisoma na kuiheshimu mila. Kazi ya kuipangusa vumbi kila asubuhi akapewa Dama.