Tumbaku Haikurudi

Ukoo wa Bi Mwanasha wa Msambweni una desturi ambayo haikuandikwa popote, wala hakuna anayethubutu kuifuta: mtu akija kuposa, atangulize tumbaku ya nyanya. Mahari itakuja baadaye, kanga za mama zitakuja baadaye. Kwanza nyanya ya binti atie tumbaku shavuni mbele ya wageni, atafune, aseme "nimeridhika", ndipo maneno mengine yafuate. Tumbaku ikirudi na wageni, posa nayo imerudi.

Kwa miaka mingi desturi hiyo ilimfaa sana Bi Mwanasha. Wajukuu saba walikwisha kuposwa, na kila mmoja alipokwenda kwa mumewe, nyanya alibaki na kijaluba chake cha tumbaku kimejaa. Wenye ndimi zao walisema kuna bwana aliyekubaliwa kwa ubora wa tumbaku tu. Bi Mwanasha hakukanusha. "Na ndoa yao si imedumu?" aliuliza.

Mjukuu wa nane ndiye aliyeleta matata. Twaiba ni afisa wa afya ya umma. Huzunguka na pikipiki kutoka Shimoni mpaka Tiwi, na adui yake ni tumbaku. Wala si sigara peke yake, maana sigara siku hizi ni kama mzee aliyestaafu. Nchi nyingi duniani zilipoanza kuufukuza moshi mikahawani na ofisini, wenye biashara yao hawakukaa kulia. Walibuni kisicho na moshi: vifuko vyeupe, vidogo kama mito ya mwanasesere, vimepangwa ndani ya kopo la duara linalong'aa. Mtu hutia kimoja chini ya mdomo, nikotini ikamwingia taratibu, huku kinywa kinanukia nanaa au stroberi. Sasa mzee gani wa Msambweni aliyewahi kuomba tumbaku ya stroberi? Twaiba alijua stroberi ile imewekewa nani, kwa hiyo alianzia maduka yaliyo karibu na shule.

Mwenye duka mmoja wa Ukunda, Eunice jina lake, alimmwagia maji ya vyombo karibu na viatu. Twaiba akavuta kreti, akakaa, akanunua soda, akamwuliza mwanawe yuko darasa la ngapi. Wiki ya pili akarudi, akanunua soda nyingine. Wiki ya tatu makopo yalikuwa yameondoka kauntani, na leo Eunice ndiye anayempigia simu kila akimwona wakala wa vifuko akigawa miavuli ya bure ili kuvuta wateja. Bi Mwanasha akisimuliwa hayo hutikisa kichwa. "Mtoto huyu angekuwa mchawi," husema, "tungekwisha sote, tena kwa soda."

Lakini Twaiba hakuwahi kumwambia nyanya yake neno. Ukaja mwezi wa Shaabani. Bi Mwanasha alikwenda hospitali kwa ajili ya jino, daktari akaona doa jeupe ndani ya shavu, palepale tumbaku ilipokuwa ikilala. Wakachukua kipande kidogo wakakipima. Majibu yakaja: haijawa saratani, lakini tumbaku iachwe. Bi Mwanasha akarudi nyumbani, akakaa jikoni, akatia tonge la tumbaku shavuni ili atulize moyo apate kuyafikiria vizuri maneno ya daktari. Twaiba alimwona. Alipika chai tu.

Ramadhani ikaingia. Siku ya tatu, walipokwisha kufuturu, mkono wa Bi Mwanasha ulikwenda kwenye kijaluba.

"Nyanya, tangu alfajiri hukuigusa," Twaiba alisema.

"Nimefunga."

"Kumbe kutwa nzima unaweza."

"Mchana namwogopa Mungu."

"Na usiku Mungu huwa amekwenda wapi?"

Bi Mwanasha aliurudisha mkono mtupu, jambo ambalo halikupata kumtokea tangu uhuru. Akafunga kijaluba. Kesho yake aliimwaga tumbaku, akakijaza karafuu. Usiku hakulala, mchana aligombana na kuku, siku ya Idi alilia bila sababu, na kila mara Twaiba alikaa karibu naye akichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Siku sitini na moja zikapita.

Ndipo ikaja posa ya Salimu, mwalimu wa Diani, ambaye Twaiba alimpenda mwaka wa nne sasa, ingawa alidhani nyanya hajui.

"Usitafune kwa ajili yangu, nyanya," Twaiba alisema akipiga pasi.

"Nisipotafuna hutaolewa. Kaka yangu Abdurahman amesema atakuja aone kwa macho yake."

"Basi sitaolewa."

Alisema kwa upole, akageuza shati upande wa pili. Bi Mwanasha aliujua upole ule. Ndio uliomshinda Eunice.

Jumamosi baada ya alasiri wageni wakafika kutoka Tiwi: mjomba wa Salimu, Bwana Issa, na wazee wawili. Twaiba alikuwa nyuma ya pazia, maana binti anayeposwa hasemi siku hiyo. Abdurahman, mlinzi wa desturi, alijiweka palipo na mahamri.

"Shikamoo, Bi Mwanasha."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Bwana Issa akafungua leso. "Tulijiuliza sana. Binti kazi yake ni kuifukuza tumbaku, na nyanya haki yake ni tumbaku. Nikamweleza muuzaji mmoja pale Kona ya Musa. Akaniambia, mzee, hii hapa haina tumbaku, haina moshi, ni dawa ya kisasa tu. Nikasema alhamdulillahi, pande zote zimepona."

Akaweka mkekani kopo la duara, linang'aa kama sarafu mpya.

Nyuma ya pazia sinia lilianguka. Bwana Issa alitabasamu, akidhani ni furaha.

"Dada, tia shavuni tuendelee," Abdurahman akasema. "Chai inapoa."

Bi Mwanasha akalifungua. Nanaa ikamjia puani, na chini ya nanaa kitu kingine alichokijua, kama mchumba wa zamani aliyerudi na jina jipya na kanzu mpya. Mate yakamjaa. Kidole chake kilikwisha kugusa kifuko. Akangoja Twaiba akohoe, kwa kuwa kikohozi hakikukatazwa na desturi. Angekohoa, angalau ingekuwa ni yeye aliyemzuia. Twaiba hakukohoa. Alikuwa amemwachia nyanya yake mambo yote mawili, shavu na ndoa, kama mtu amwachiaye mwenziwe mlango wazi.

Bi Mwanasha akainua kichwa.

"Issa mwanangu, ni dawa?"

"Dawa, mama. Yule kijana ameapa."

"Basi nionjee. Mimi mkongwe, hata sijui hukaa upande gani."

Bwana Issa, ambaye maishani hakuwahi hata kunusa ugoro, akatia kimoja chini ya mdomo kwa heshima zote. Mara jasho likamtoka. Kisha rangi ikamtoka. Kisha ikaja kwikwi.

"Kijana... kwik... ameapa."

"Tema, mwanangu, tema hapa." Bi Mwanasha alimpa bakuli, akamsugua mgongo. "Kizunguzungu hicho nakijua. Kilinishika nikiwa msichana, nyuma ya jiko la mama yangu. Nikadhani ndio utamu unaanza. Duka lenyewe liko wapi?"

"Linatazamana na... kwik... shule ya msingi."

Abdurahman akaweka kikombe chini. Vitukuu wake wawili husoma shule ile.

Bwana Issa, macho yamejaa haya, akanyoosha mkono kulichukua kopo. "Nisameheni. Naondoka nalo."

Tumbaku ikirudi, posa imerudi. Lakini kiganja cha Bi Mwanasha kilikwisha kulala juu ya kopo.

"Iliyoingia humu haitoki. Nimeipokea."

"Lakini hujatafuna," Abdurahman alisema, sauti haina nguvu tena.

Bi Mwanasha akatoa kijaluba, akachagua karafuu moja nene, akaitia katika shavu lile lile lenye doa, akatafuna mpaka wote wakasikia.

"Aliyeianza desturi hii alikuwa nyanya mpenda tumbaku. Na mimi ni nyanya mpenda karafuu. Nimeridhika. Abdurahman, soma Fatiha, mgeni apewe maji."

Abdurahman alimtazama dada yake, akalitazama bakuli, akainua mikono akasoma.

Mkono wenye hina ukatoka nyuma ya pazia, ukalichukua kopo. Kabla ya kurudi ndani, ukalibana bega la nyanya, ukakaa hapo kidogo.

Jumatatu Twaiba alipanda pikipiki kwenda Kona ya Musa, kopo mkobani. Nyuma yake alikaa Bwana Issa, shahidi, ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Na desturi ya nyanya ingalipo, ila imegeuka kidogo: wachumba walete karafuu, tena ya Pemba, iliyokauka vizuri. Mjukuu wa tisa bado yuko chuo kikuu na hataki kusikia habari za wanaume. Bi Mwanasha anasema hakuna haraka, kinywa kipo.