Nafasi kwa Jina Langu

Watu wa kwetu Stockton, katikati ya bonde la California, hawaamki mapema Jumamosi ila kwa msiba au kwa nafasi za kambi. Viwanja vya kambi vya pwani hufunguliwa miezi sita kamili kabla ya siku unayoitaka, saa mbili kamili asubuhi, na ikifika saa mbili na dakika tatu vimekwisha. Kwa hiyo mwezi wa Januari, ukungu wa bondeni ukiwa umeziba madirisha, Verna Duarte alikaa jikoni kwake na kompyuta mbili na simu moja, akabofya kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelala tangu Oktoba.

Kiharusi kilimkuta kazini. Sisi watatu, Verna, Corinne na mimi, tulipika pamoja miaka kumi na tisa katika jiko la shule moja ya msingi, na kila mwisho wa Julai tulilikimbia joto la bondeni kwa siku tano. Tulipanda hadi bonde la Boonville kuonja mvinyo kwenye mashamba ya mizabibu, kisha tukatelemka baharini, kwenye fuo ambazo hazina hata kibanda cha soda. Mpangaji alikuwa Verna. Alikuwa na daftari lake lenye saa za maji kupwa na kujaa, kituo cha mwisho cha mafuta, choo kipi hakikosi karatasi, na shamba lipi humimina kama watu na lipi hulowesha tu kitako cha bilauri. Mimi na Corinne kazi yetu ilikuwa kubeba barafu na kulalamika.

Mwaka huu daftari lilikuwa na jambo jipya. Verna alimpigia simu askari wa hifadhi wa kila ufuo, akamuuliza ngazi ni ngapi na kishikio kiko upande gani.

"Ufuo wa Pruitt ni tisini na nne," aliniambia, "na kishikio kiko kushoto kuanzia juu mpaka chini. Kushoto, Joanie! Utadhani walinijengea mimi."

"Tisini na nne ni nyingi, mama."

"Ndiyo maana nafanya mazoezi. Ngazi za kanisa ni kumi na mbili. Nazipanda mara nane, nakaa, nakunywa maji. Padri anadhani nimeokoka upya." Akacheka, akajifuta kidevu kwa leso. "Nikiufikia ule mchanga kwa miguu yangu mwenyewe, nitajua bado nimo. Basi. Sitaki zawadi nyingine mwaka huu."

Hicho ndicho alichokitaka, na tulikijua wote watatu. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akafikiri hatukujua.

Mwezi wa Juni Corinne aliniita kwenye maegesho ya shule. Alikuwa ametoka mahakamani wiki ile, mumewe kamwacha kwa mwanamke anayeuza mabwawa ya kuogelea, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mwaka huu nataka kulewa, shoga," akasema. "Sitaki kuuguza."

"Corinne, ni Verna huyo."

"Najua ni Verna. Ulimwona Pasaka? Dakika ishirini kutoka garini mpaka mlangoni. Supu inamchuruzika, na mimi nafanya kama sioni. Nimechoka kufanya kama sioni. Nimefanya kama sioni miaka mitano nyumbani kwangu."

"Tutamwambiaje?"

"Mwambie mgongo wangu umekufa. Safari hakuna. Kisha tunakwenda wawili."

"Kwa nini niseme mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye mwenye huruma," akasema, na tukacheka.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilimlaani Corinne njia nzima mpaka nyumbani, nikimwita mnyama na jiwe, na huku ndani yangu nilikuwa nimepumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Hata mimi nilikuwa nimeiona ile supu.

Nikaenda kwa Verna siku ya pili yake. Alinikatia mkate mtamu wa Kireno, ule anaoupika mwenyewe, vipande vimekwenda upande kwa ajili ya mkono. Nikamwambia habari ya mgongo. Akautazama mguu wake, kisha akasema, "Maskini Corinne. Talaka, halafu mgongo. Huyu mtoto ana bahati mbaya." Akaivuta kompyuta.

"Unafanya nini?"

"Nafuta."

"Aa, haraka ya nini? Iache kwanza."

"Joanie! Miaka yote hii hujajifunza? Ukijua huendi, unafuta siku hiyo hiyo. Kuna mtu yuko macho mahali fulani anaisubiri."

Ni kweli, na ndiyo adabu ya watu wa kambi. Anayelalia nafasi asiyoitumia kwetu ni mtu mbaya kuliko anayeacha chupa mchangani. Mimi na Corinne, kwa werevu wetu wote, tulikuwa tumesahau kwamba nafasi zote tano zilikuwa kwa jina la yule tuliyetaka kumwacha. Nikakaa pale na mkate mdomoni, nikaangalia safari ikiyeyuka kwa kidole kimoja cha kushoto. Kusema acha nisingeweza bila kusema kwa nini.

"Hii ya juu bondeni, kwaheri," alisema Verna. "Hii ya mtoni, kwaheri. Hii hapa Pruitt, kiwanja namba saba, hatua thelathini kutoka kwenye ngazi. Kuna mtu leo atapiga kelele mpaka mbwa wake aruke!"

Alikuwa akicheka. Kwenye ile ya nne akaacha kucheka, akaufunika uso kwa mkono mmoja.

"Samahani," akasema. "Ni huu mguu tu. Nilikuwa nimeuahidi."

Nilimpigapiga mgongoni. Mkono wangu ulikuwa na unga wa sukari na ukaacha alama kwenye blauzi yake.

Corinne alipopata habari alinifokea mpaka majirani wakatoka nje.

"Umemwacha afute? Zote?"

"Ningesemaje? Usifute, tunakwenda bila wewe?"

"Ungempokonya kompyuta! Ungemwaga kahawa juu yake! Joanie, wewe ni mjinga kiasi gani? Mwisho wa Julai hakuna kiwanja pwani nzima, hata cha kulaza paka!" Akazunguka jikoni mara mbili, akasimama. "Mrudie. Mwambie nimechomwa sindano, mgongo umepona."

"Halafu?"

"Halafu atafute nyingine. California nzima hakuna anayejua kuvizia nafasi kama yule mwanamke."

"Akizipata?"

"Akizipata tutaona."

Verna hakuuliza swali hata moja. Alipiga ukelele wa furaha kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio, akaniambia ningoje, akakata. Nafasi zilizofutwa hurudi moja moja, saa yoyote, na kuzinasa ni kukaa mbele ya kioo na kukibofya bila kukipa nafasi ya kupumua. Alifanya hivyo siku kumi na moja. Alikula hapo hapo, alisinzia hapo hapo. Kila baada ya siku mbili ulinijia ujumbe: bonde tumepata, mto tumepata, na mwisho, kwa herufi kubwa tupu, PRUITT.

Nilikwenda kumpongeza. Alikuwa na macho mekundu na nywele hazijaonana na chanuo. Akanigeuzia kompyuta nione, na kwenye kila nafasi palikuwa na jina langu.

"Mbona mimi?"

"Kambi hawampokei mtu ila yule aliyeandikwa, na kitambulisho chake mkononi. Mguu ukinigomea asubuhi ile, nyinyi mtakwama kwa ajili yangu. Sitaki kuwa mzigo, Joanie. Hivi, hata nisipoamka, nyinyi mnakwenda."

Niliposimulia haya kwa Corinne, alipiga mluzi mrefu.

"Basi mpigie leo, mwambie haendi," akasema. "Na safari hii mwambie ukweli. Sema Corinne ni mshenzi, Corinne hataki, niweke mimi mbele. Huu uongo wa mgongo umenichosha, sasa unaniuma kweli."

Corinne nimpe haki yake: alikuwa tayari kuchukiwa. Mimi ndiye sikuwa tayari. Nilimpigia Verna mara tatu. Ya kwanza tulizungumza habari za joto. Ya pili alitaka kujua kama tuchukue sanduku lake la barafu au la Corinne, nikasema lako. Ya tatu alinishikisha simu huku akipanda ngazi za kanisa, akihesabu kwa sauti, pumzi ikimkata, mpaka akafika tisini na sita bila kukaa hata mara moja. Nikasema, "Hongera, mama." Ningesema nini?

"Umemwambia?" Corinne aliniuliza jioni ile.

"Nimemwambia."

"Alisemaje?"

"Alielewa."

"Unaona? Sisi ni watu wazima."

Tuliondoka siku ya Alhamisi. Verna alikuwa ameambiwa saa moja asubuhi, na aliyemwambia ni mimi, na sikuwa nimelifuta neno hilo. Ili kuifikia barabara kuu lazima upite kwenye makutano ya mtaa wake, na taa zikatukamata nyekundu pale pale, saa moja kasorobo. Corinne alikuwa akitafuta muziki. Mimi nikageuza shingo, nikaona baraza. Niliona sanduku lake la barafu, lile la buluu, limeshuka tayari mpaka kwenye majani ya mbele ya nyumba, fimbo imeegemezwa juu yake, na Verna ameketi kando na kofia yake pana ya nyasi, anatazama upande wa pili, upande ambao tumezoea kutokea.

Neno moja lilitosha. Ningesema pinda, na Corinne angenitukana, lakini angepinda. Namjua.

"Taa imewaka kijani," nikasema.

Nilizima simu kabla ya barabara kuu, Corinne ya kwake aliizima alfajiri mumewe asimpate, na huko kwenye vilima kuelekea Boonville hata ukiiwasha haishiki. Nilifurahi kama mtoto aliyesamehewa shule. Tuliteremsha vioo, tukala cheri, Corinne akaimba, akalia kidogo habari ya mumewe, akaimba tena. Shamba la kwanza walimimina kama watu. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na intaneti yake, na nilipokuwa nimesimama nje kwenye mstari wa mizabibu nikingoja choo, nikaiwasha simu, ikaanza kutetemeka na haikuacha.

Meseji ya saa moja: "Niko tayari! Msishuke, nitakuja mwenyewe mpaka garini. Mtaona!"

Ya saa mbili kasorobo: "Foleni?"

Ya saa tatu: "Joanie, simu yako haipatikani wala ya Corinne. Mko salama?"

Ya saa nne: "Nimewapigia polisi wa barabara kuu. Wanasema kuna ajali upande wa Vacaville, gari jeupe. La Corinne ni jeupe. Jibu tafadhali."

Ya saa nne na nusu: "Nimepiga hospitali mbili, hawana majina yenu. Nasali."

Na nyingine tano za namna hiyo. Nilizisoma zote nikitafuta mahali alipoanza kushuku, mahali aliponiita jina ninalostahili. Nililihitaji, nakwambia. Angenitukana mara moja tu, ningepata la kumjibu. Hapakuwa na mahali hapo. Mwanamke yule aliona afadhali tuwe tumekufa kuliko kufikiri kwamba tumemwacha.

Nilijichukia. Kisha nikaandika: "Tuko salama. Gari limeharibika tu, tutachelewa. Ingia ndani, kuna joto." Redio ya gari ilikuwa imetangaza nyuzi arobaini na mbili kwa Stockton.

Jibu lilirudi haraka ajabu kwa mtu wa mkono mmoja.

"Mungu ashukuriwe! Sikasiriki hata kidogo, usijali. Nakaa hapa hapa nje. Nikiwa ndani sitawahi kufika mlangoni mkija."

"Joanie!" Corinne aliniita kutoka ndani, ulimi umeshaanza kuwa mzito. "Njoo uonje huu kabla sijakumalizia!"

Nikazima simu, nikarudi ndani. Corinne alikuwa amenishikia bilauri, akaniuliza ni nani aliyekuwa akinisumbua hivyo. Nikamwambia ni watu wa kambi, wanataka kuhakikisha jina. Mvinyo ulikuwa mzuri, mwekundu mwepesi, na nilipoumaliza nikaomba wa pili.