Majibu ya Bi Kafedha

Ndugu yangu Yeslam hakanyagi Likoni bila sababu. Jumamosi ile alipotoka Mikindani akavuka feri akiwa na msichana mwenye faili, nilijua pana jambo. Msichana aliitwa Emmaculate, mtu wa bara, muuguzi aliyesomea maradhi ya wazee. Yeslam alidai kamleta ampime mama kumbukumbu, maana siku moja mama alimpigia simu mara tatu kumuuliza jambo lile lile.

Mimi nilisikia jingine. Mama akionekana amesahau, atahamishiwa Mikindani, nyumba ya marehemu baba ibomolewe na mahali pake ijengwe ghorofa. Na mimi niliyerudi hapo baada ya kuachika, nikaishi naye miaka sita, niende wapi? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama, Bi Kafedha kwa majirani, aliketi sebuleni, leso begani, akinukia udi.

"Mama, uko na watoto wangapi?" Emmaculate aliuliza.

Mama akatabasamu. "Twamshukuru Mngu."

"Ni wangapi, lakini?"

"Ni hao alonijaalia."

Nikaingilia kati. Nilimweleza yule msichana kwamba kwetu watoto hawahesabiwi kama kuku wa sokoni. Anayehesabu anajiitia jicho. Akaandika kitu. Akauliza jina la mumewe, mama akajibu kuwa ni Baba Yeslam. Alipotaka jina lenyewe, mama alijiziba mdomo kwa upindo wa leso, akacheka. Hapo sauti ikanipanda. Nilimwambia mke mwenye adabu zake hamtaji mumewe kwa jina hata akiwa kaburini. Alipoulizwa mwaka aliozaliwa, mama alisema ni mwaka wa mvua kubwa.

Kisha Emmaculate akapanga picha nne mezani: kisu, panga, nyundo na nazi. Alimtaka mama aondoe moja isiyolingana na wenzake. Nilichungulia karatasi yake nikaona jibu lililotakiwa ni nazi. Mama akaondoa nyundo.

"Hii ya fundi," alisema. "Jikoni haina kazi."

Nilitamani kupiga vigelegele. Mtihani umetungwa na watu wasiojua tui, halafu mjinga awe mama yangu? Yeslam alikuwa akitazama sakafu, nami nikahesabu kuwa ni hila.

Nilimsindikiza Emmaculate hadi mlangoni ili nihakikishe ameondoka. Akaniambia kwa upole kwamba ile nyundo amempa alama, na mila nilizomweleza ameziandika zote.

"Lakini dada," alisema, "hakuna jibu hata moja lililohitaji akumbuke kitu."

Nilimwambia akampime mamake.

Akaenda zake pamoja na Yeslam, ila neno lake halikwenda naye. Nikaanza kumvizia mama yangu mwenyewe. Nilimuuliza harusi yangu ilifanyika wapi. Akasema ilikuwa harusi njema, watu walikula wakasaza. Nilimuuliza jina la jirani yetu wa mkono wa kuume. Akasema ni mtu mwema, Mungu amuweke. Nilimuuliza usiku uliopita tulikula nini, akashukuru kwamba tulishiba. Majibu matamu, na kila moja lilinichoma. Adabu aliyofunzwa tangu utotoni ilikuwa imebaki inamsemea, na mimi niliyelelewa kwa adabu hiyo hiyo nilisikia kila jibu nikaridhika. Mgeni aliliona hilo kwa siku moja. Nilijichukia, nikamchukia na Emmaculate, na kwa Yeslam sikupiga simu.

Jumatano nilirudi mapema kutoka duka ninakouza, saa nane mchana, na mikate ya mofa mkononi. Mama aliinuka aliponiona. Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye kiti chake, akafungua kabati akatoa kikombe cha wageni. Akanimiminia kahawa, naye akaketi mkabala wangu, magoti pamoja.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Ndia ilikuwa ndefu? Mamako hajambo?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa, na alikuwa akingoja jibu. Moyo ulinivunjika, wallahi. Nilitaka kumshika mabega nimwambie ni mimi, Nadhira, ndimi ninayelala chumba cha pili. Lakini ningemfedhehesha nyumbani kwake.

"Hajambo," nikasema. "Akusalimu sana."

"Nawe mfikishie zangu. Mwambie ana bahati, amepata mwana mwenye adabu."

Nilimwahidi nitamwambia. Nikanywa kahawa yote, nikashukuru kama mgeni, kisha nikatoka uani nikampigia Yeslam simu aje amchukue.