Madini ya Donatus

Hospitalini, daktari alimwambia Melania amfunue mwanawe Donatus polepole, kwa sababu khanga ilikuwa imegandia vidonda. Vilimzunguka mdomoni na makalioni, vikaenea hadi kwenye kucha, na tumbo la kuhara lilikuwa halijafunga tangu aachishwe ziwa. Kaka yake, Makoye, alikufa vivyo hivyo miaka michache nyuma. Kijijini kwao Ushirombo walisema Melania ana mkono mbaya, kwamba ndiye anayewaua wanawe. Wanawake walianza kumkwepa kisimani, na mume wake alikuwa machimboni Geita, hatumi hata salamu.

Siku chache baadaye daktari alirudi na vidonge. Alieleza kwamba mwilini mna vimeng'enya, kama vibarua wadogo wanaosaga chakula na kujenga ngozi, na vingi haviwezi kazi bila chembe ya madini yaitwayo zinki. Utumbo wa Donatus haukuweza kuyachukua kwenye uji wala ugali. Angemeza vidonge maisha yake yote, lakini bila kuzidisha, maana zinki ikizidi huizuia shaba, madini mengine ambayo mwili huyahitaji, na vimeng'enya vinavyotegemea shaba navyo husimama.

"Mbona alipokuwa ananyonya alikuwa mzima?" Melania aliuliza.

"Maziwa yako yalimpa zinki kwa namna ambayo utumbo wake uliiweza."

Melania alimfunika mtoto, akamfunua, akamfunika tena.

"Na Makoye? Kama ningemwacha aendelee kunyonya?"

"Angeishi zaidi, mama. Hakuna aliyejua. Hata sisi hapa tumeujua ugonjwa huu juzi juzi tu."

Mbuke, mama mkwe wake, ndiye aliyempaka shubiri chungu matitini ili kuwaachisha watoto wote wawili, akisema mtoto anayetembea hanyonyi. Ndani ya basi la kurudi Melania alikaa na jambo hilo peke yake, kama mzigo usio na pa kuutua.

Walipofika nyumbani vidonda vilikuwa vimekauka. Jioni Mbuke alikuja na kibuyu cha uji. Melania alimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba," kwa sauti ndogo.

"Mama Makoye, daktari alisemaje?"

Melania aliitazama mikono ya yule mama mzee, ile ile iliyompaka shubiri.

"Alisema mwili wake ulikosa madini."

"Madini," Mbuke alirudia. Alimpakata Donatus, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyelifanya tangu augue, akaanza kuupuliza uji.

Melania akatoka kwenda uani na lile la maziwa ambalo hakumwambia, akashika shoka, akapasua kuni ambazo siku ile hazikuhitajika.